Kiongozi wa Kipofu: Mtoto, Mbwa na Fimbo

Ikiwa umepata kufika Kondele, mjini Kisumu, wakati wa jioni, hapana haja nikueleze kelele zake. Magari ya abiria hugombea nafasi chini ya daraja la juu, bodaboda hupenya kila penye upenyo, na wauza samaki na mboga hutandaza bidhaa zao mpaka ukingoni mwa lami. Si mbali na hapo iko hospitali kuu iliyojengwa kwa msaada wa Warusi na kufunguliwa mwaka 1969. Jina lake limebadilishwa, na leo ni la Jaramogi Oginga Odinga, lakini wenyeji wengi wangali wakiiita Russia. Kwa sababu ya hospitali hiyo, wengi wapitao Kondele ni wagonjwa, na baadhi yao hawaoni.

Sasa fumba macho, kwa mawazo tu. Unataka kuvuka barabara uende hospitalini. Nani atakuongoza?

Swali hilo lina historia ndefu, nayo haisimuliwi sana shuleni. Vitabu vyetu vyatueleza habari za wafalme, wamisionari, na reli iliyofika ziwani mwaka 1901. Habari za mtu asiyeona aliyetaka kutoka nyumbani kwake kwenda sokoni na kurudi salama hazimo. Nitatumia neno kipofu, kama walivyolitumia wazee wetu bila nia ya kudharau, ingawa siku hizi wengi hupenda kusema mtu asiyeona, na wana haki yao kupenda hivyo.

Kiongozi wa kwanza wa kipofu katika nchi zetu alikuwa mtoto, na twaweza kusema hivyo pasipo kusitasita. Mzee alishika ncha moja ya fimbo, na mjukuu akashika ncha ya pili akatangulia mbele. Fimbo ilifaa kuliko mkono, kwa kuwa mtoto ni mfupi na mzee ni mrefu, na mtu akiinama njia nzima mgongo humuuma. Tena fimbo hunena: mtoto akiruka mfereji, mzee huusikia mruko huo mkononi kabla hajafika mferejini. Ni ufundi mzuri, wala hauna gharama yoyote.

Hapo ndipo penye kosa letu sote, kusema kwamba hauna gharama. Gharama ilikuwako, ila aliyeilipa alikuwa mdogo mno hata asiweze kudai risiti. Mtoto aongozaye hawezi kuwa shuleni saa ile ile anapoongoza. Hawezi kwenda ziwani na wenzake, wala kucheza. Akiwa babaye ni maskini, na njia ya pekee ya kupata riziki ni kuomba, basi naye hujifunza kuomba, na huijua kazi hiyo kabla hajaijua alfabeti. Upofu wa mtu mmoja ulikuwa ukifunga milango ya watu wawili.

Ukitaka kuona jambo hili lilivyokuwa kubwa, vuka Ghuba ya Winam kwa mawazo, uelekee kusini mpaka karibu na Oyugis. Huko liko bonde la Kodera, lenye rutuba na mito iendayo kasi. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 bonde hilo lilijulikana kwa balaa moja: watu wake walikuwa wakipofuka. Sababu ilikuwa ni usubi, yaani inzi wadogo weusi wazaliwao katika maji ya mbio. Usubi akimwuma mtu huweza kumtia mnyoo mdogo sana. Mnyoo huo hukua chini ya ngozi na kuzaa vijinyoo kwa maelfu, na vijinyoo hivyo hutembea mwilini mpaka vikaingia machoni. Mtu huwashwa ngozi kwa miaka mingi, kisha nuru humpungua kidogo kidogo hata ikazimika.

Mwaka 1946 wataalamu wawili wa serikali ya wakati ule, P. C. C. Garnham na J. P. McMahon, walitia dawa ya DDT katika mito ya Kodera ili kuwaua usubi wangali wadogo majini. Walifaulu, na inzi wale wakatoweka bondeni. La ajabu ni kwamba walipofanya kazi hiyo hapakuwa na mtu aliyejua watoto wa usubi wa aina ile huishi wapi hasa. Watu walitafuta juu ya mawe na majani ya mtoni wasiwaone. Ilipofika mwaka 1950 ndipo siri ilipofunuliwa: hujishikiza migongoni mwa kaa wa mtoni, wakasafiri nao kila waendako! Kazi iliendelea katika mito mingine ya magharibi mwa Kenya, na mwaka 1958 habari ya kutokomezwa kwa usubi huyo nchini Kenya ilichapishwa katika jarida la Shirika la Afya Duniani. Huu ni ushindi mkubwa uliopatikana karibu na nyumbani, nao haujulikani hata na wengi wa wakazi wa Nyanza. Ningependa ujulikane, ingawa DDT yenyewe tumekwisha kujua madhara yake, na leo mtu haimwagi mtoni ovyo.

Walakini kumwua inzi si kumrudishia mtu macho. Waliokuwa wamekwisha kupofuka walibaki vipofu, na watoto wao waliendelea kushika ncha ya fimbo. Picha hiyo ya mtoto na mtu mzima kwenye fimbo moja ilikuwa ya kawaida zaidi katika mabonde ya Afrika Magharibi, ambako ugonjwa huo ulikuwa mkali kupita wa kwetu. Leo iko sanamu yake mjini Geneva, kwenye makao makuu ya Shirika la Afya Duniani: mtoto yuko mbele, mtu mzima nyuma, na fimbo kati yao. Watu huitazama kama alama ya ushindi juu ya maradhi. Mimi humtazama yule mtoto.

Basi, wenzetu wa mabara mengine walifanyaje? Hapa ndipo mbwa anapoingia katika historia yetu.

Mbwa na kipofu wamefahamiana tangu kale. Katika magofu ya Herculaneum, mji wa Kirumi uliofunikwa na volkano mwaka 79, iliopolewa picha ya ukutani inayoonyesha kipofu akiongozwa na mbwa. Mwaka 1819 Johann Wilhelm Klein, mwalimu wa vipofu mjini Vienna, aliandika kitabu akaeleza jinsi mbwa awezavyo kufundishwa, na jinsi ya kumfunga kijiti kigumu shingoni ili kipofu ahisi kila ageukapo. Lakini maandishi hayo yalikaa tu, kama maandishi mengi mema yanavyokaa, kwa karibu miaka 100.

Kilichoyaamsha kilikuwa ni vita. Katika Vita Kuu ya kwanza, ya miaka 1914 hadi 1918, maelfu ya askari walipofushwa na mabomu na gesi ya sumu. Hawa hawakuwa wazee wa kukaa barazani. Walikuwa vijana wenye nguvu, na serikali iliyowapeleka vitani iliona haya kuwaacha wakae vivi hivi. Mwaka 1916 daktari wa Kijerumani, Gerhard Stalling, alifungua katika mji wa Oldenburg shule ya kwanza ya kufundisha mbwa kuwaongoza askari vipofu. Husimuliwa kwamba wazo hilo lilimjia siku alipomwacha mbwa wake na mgonjwa asiyeona kwa kitambo kidogo, naye aliporudi akamkuta mbwa akimlinda yule mgonjwa kwa namna isiyokuwa ya kawaida. Ujerumani walikuwako tayari mbwa wachungaji, wakubwa kwa kimo na wasikivu, waliozoezwa kazi za jeshi na polisi. Mwaka 1923 ikafunguliwa shule nyingine kubwa huko Potsdam.

Mmarekani mmoja, Bibi Dorothy Harrison Eustis, aliyekuwa akifundisha mbwa nchini Uswisi, aliizuru shule ya Potsdam akashangaa. Mwezi wa Novemba 1927 alichapisha makala juu ya aliyoyaona katika gazeti la Saturday Evening Post. Makala hayo yalisomwa kwa sauti kwa kijana mmoja wa mji wa Nashville, Morris Frank, naye alikuwa kipofu. Jicho moja lilikuwa limepotea akiwa na miaka 6, alipokuwa amepanda farasi. La pili alilipoteza akiwa na miaka 16, katika mchezo wa ngumi. Na sasa sikiliza jambo linalotuhusu hasa: Frank naye alikuwa na mtoto wa kumwongoza! Alimlipa kijana fedha amtembeze, na kijana alipochoka alimwacha, akaenda zake. Frank alikuwa na nguvu, akili na kazi, lakini hakuweza kwenda kunyolewa nywele bila hisani ya mtu mwingine. Ndipo alipomwandikia Bibi Eustis barua kuomba mbwa, akaahidi kwamba akimpata atawafundisha na vipofu wengine.

Mwaka 1928 alikwenda Uswisi akapewa mbwa jike, akamwita Buddy. Wiki za kwanza zilikuwa ngumu, kwa maana ilimpasa ajifunze kumwamini mnyama. Mwezi wa Juni mwaka ule aliteremka bandarini New York, na waandishi wa magazeti wakamtaka avuke barabara pana iliyojaa malori, ambayo hata wenye macho waliiogopa. Frank alishika mshiko wa ngozi, akatoa amri, akamfuata mbwa. Alisimama, akaenda, akarudi nyuma, akaenda tena, huku upepo wa magari ukimpiga usoni, hata akafika ng'ambo. Alimpelekea Bibi Eustis simu ya neno moja tu kumwambia kwamba wamefaulu. Mwezi wa Januari 1929 shule ya mbwa waongozaji ilianzishwa Marekani. Mwaka 1931 wanawake wawili wa Kiingereza, Muriel Crooke na Rosamund Bond, walifundisha mbwa wanne wa kwanza wa Uingereza huko Wallasey. Majina yao yalikuwa Judy, Flash, Folly na Meta.

Watu wengi hudhani kwamba mbwa huijua njia, na kwamba kipofu husema tu, nipeleke sokoni, akapelekwa. Sivyo. Anayeijua njia ni mtu. Yeye ndiye mwenye ramani kichwani: hatua kadha wa kadha, kisha kona, kisha harufu ya mkate, kisha kushoto. Kazi ya mbwa ni kumwepusha na shimo, nguzo, tawi lililoning'inia na gari lijalo. Afikapo ukingoni mwa njia ya miguu husimama, ili mtu ajue kwamba barabara i mbele yake. Taa za barabarani mbwa hawezi kuzisoma. Mtu husikiliza magari, akiona ni kimya hutoa amri ya kwenda. Na hapa ndipo penye fundisho lililo gumu kuliko yote katika mafunzo ya mbwa huyo: amri ikiwa ya hatari, asitii. Mtu asemapo nenda, na gari linakuja kimya kimya, mbwa mwema hukataa, hata akisukumwa. Mnyama hufundishwa miezi mingi kutii, kisha hufundishwa wakati wa kuasi.

Kumpata mnyama wa namna hiyo si kazi ndogo. Huchaguliwa angali mtoto, akalelewa nyumbani mwa watu kwa muda wa mwaka mmoja hivi ili azoee kelele, ngazi na watoto. Kisha hurudi shuleni kwa miezi kadha. Kisha hulinganishwa na mtu kwa mwendo, kimo na tabia, wakafundishwa pamoja. Akifika umri wa miaka 8 au 10 hupumzishwa, na kazi huanza upya kwa mwingine. Katika Uingereza gharama ya mbwa mmoja, tangu kuzaliwa mpaka kustaafu, hufikia makumi ya maelfu ya pauni, nazo hutolewa na watu wenye hisani. Baadaye wazo hilo lilipanuka. Mwaka 1975 huko California, Bonnie Bergin alianza kufundisha mbwa wa kuwasaidia watu wasioweza kutumia miguu au mikono: kuokota kilichoanguka, kufungua mlango, kuwasha taa. Bibi huyo alikuwa ameona nchini Uturuki jinsi watu wenye ulemavu walivyojiegemeza kwa punda wao katika kutafuta riziki. Basi si kila jambo jema la Magharibi lilizaliwa Magharibi.

Je, mbwa hawa walifika Afrika? Walifika kusini. Mwaka 1953 Gladys Evans, mwanamke asiyeona, alirudi Afrika Kusini kutoka Uingereza pamoja na mbwa wake Sheena, na hapo ndipo chama cha mbwa waongozaji cha nchi hiyo kilipoanza. Kwetu Afrika Mashariki shule ya namna hiyo haikuota mizizi. Mtu angeweza kujibu upesi kwamba sisi ni maskini, akanyamaza. Jibu hilo ni kweli, ila ni fupi mno.

Tazama Kondele yenyewe. Mbwa wa Potsdam na wa Nashville walifundishwa kusimama kwenye ukingo ulioinuka wa njia ya miguu. Kondele, ukingo huo uko mahali fulani, na mahali pengine umefunikwa na nyanya, viatu na viti vya wenye bodaboda. Mbwa atasimama wapi? Pikipiki nayo hutokea kila upande, hata juu ya njia ya waendao kwa miguu. Mbwa mwongozaji si uchawi. Ni sehemu moja ya mji uliopangwa. Mahali ambapo mtu mwenye macho hana pa kupita, mbwa hawezi kumfanyia kipofu njia.

Tena kuna habari ya mbwa mwenyewe. Katika boma la Mjaluo mbwa ni mlinzi, na zamani alikuwa rafiki wa mwindaji. Mahali pake ni nje. Watu humthamini, lakini hawamkaribishi kwenye gari la abiria wala mkahawani. Waislamu, ambao wamekuwako Kisumu tangu siku za mwanzo za mji, wana sheria za tohara juu ya mate ya mbwa, ingawa tangu kale sheria hizo zimewaruhusu kufuga mbwa wa kuwinda na kulinda. Jambo hilo halina ufumbuzi mgumu kama watu wanavyodhani: mwaka 2008 mjini Leicester, Uingereza, wanazuoni walikubali kijana Mwislamu asiyeona aje na mbwa wake msikitini, akamwacha mahali pa kupumzikia wakati yeye akisali.

Kizuizi kilicho kizito zaidi ni hofu, nayo ina sababu. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa katika Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa karibu na Nairobi, na tangu hapo hakijaondoka. Wataalamu hukadiria kwamba huua watu wapatao 2000 kila mwaka nchini, wengi wao wakiwa watoto. Mwaka 2014 serikali ilianza mpango wa kukikomesha ifikapo mwaka 2030, kwa njia ya kuwachanja mbwa. Mama aliyeona mtoto akifa kwa ugonjwa ule hutamwambia kwa urahisi kwamba mbwa yule aliyekaa kando yake kwenye gari ni daktari wa macho.

Kwa hiyo ukombozi wa mtoto mwenye fimbo ulikuja kwetu kwa njia nyingine, nayo ilikuwa ni fimbo yenyewe, ila ncha ya pili ikaachwa huru.

Fimbo nyeupe ina hadithi yake. Mwaka 1921 James Biggs wa Bristol, mpiga picha aliyepofuka kwa ajali, alipaka bakora yake rangi nyeupe ili magari yamwone. Hiyo ilikuwa fimbo ya kuonekana, si ya kupapasa. Mwaka 1944, katika hospitali ya askari huko Valley Forge, Marekani, Richard Hoover alibuni fimbo ndefu, nyepesi, ya kupunga kushoto na kulia mbele ya miguu, kila upande kwa zamu, ili ipime ardhi kabla ya hatua. Waona kwamba ni vita tena vilivyoleta maarifa. Fimbo hiyo haihitaji chakula wala chanjo. Haiwezi kuliona tawi lililo usawa wa paji la uso, wala haiwezi kukataa amri mbaya. Lakini kipofu akiisha kufunzwa kuitumia, na mafunzo ndiyo yaliyo muhimu kuliko mti wenyewe, anaweza kwenda alipotaka na mtoto akaenda shule.

Shule za vipofu ndizo zilizoeneza maarifa hayo nchini Kenya. Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya Thika mwaka 1946. Mwaka 1950 Mwingereza John Wilson, ambaye mwenyewe alipofuka mwaka 1931 akiwa na miaka 12 kwa mlipuko katika somo la kemia, alianzisha chama cha kuwasaidia vipofu wa makoloni, ambacho leo huitwa Sightsavers. Kabla yake alikuwa amezuru Afrika akaona kwa mikono, kama tunavyoweza kusema, hali ya vijiji vya usubi. Chama cha Vipofu cha Kenya kiliundwa kwa sheria mwaka 1956. Katika upande wetu wa ziwa zikaja shule za Aluor, Siaya, na ya Kibos, ambayo haiko mbali na Kondele. Huko mtoto asiyeona hujifunza breli, na hujifunza pia kutembea peke yake, jambo ambalo mzazi mwenye huruma nyingi huenda hakumruhusu nyumbani.

Huko nyuma nilisema kwamba mtoto mwenye macho alilipa. Sheria nazo zilimfikia polepole. Ada ya shule za msingi za serikali iliondolewa mwaka 2003, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilimfanya mzazi awe na wajibu wa kumpeleka mtoto shuleni. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote na kupanda magari ya umma kwa namna inayofaa. Tena usisahau ya kwamba wengi wa vipofu wazee wa pande hizi hawahitaji mtoto wala mbwa wala fimbo, bali wahitaji tabibu: mtoto wa jicho ndiye sababu kubwa ya upofu Kenya, naye hutolewa kwa upasuaji mfupi, kama ule ufanywao katika hospitali ya macho ya Sabatia, ukipanda kaskazini kutoka Kondele.

Hata hivyo kiongozi aliye hai ana jambo ambalo fimbo haina. Mkimbiaji Henry Wanyoike, aliyepofuka mwaka 1995, alikimbia mita 5000 katika michezo ya walemavu ya Sydney mwaka 2000 akiwa amefungwa kwa uzi mfupi na kiongozi mwenye macho. Kiongozi alikuwa mgonjwa siku ile, akaishiwa na nguvu. Wanyoike akawa anamvuta, na kwa shida wakaufikia utepe, naye akatwaa medali ya dhahabu. Mara hii aliyeongozwa ndiye aliyemwongoza kiongozi wake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unataja msaada wa viumbe hai pamoja na viongozi miongoni mwa mambo ambayo serikali hazina budi kuyaweka katika majengo yaliyo wazi kwa watu wote.

Na mbwa? Huenda atatufikia kwa mlango tusioutazamia, kutoka kwa ndugu zetu wa kaskazini mwa Uganda. Waacholi wa Gulu na Wajaluo wa Kisumu ni jamaa kwa lugha. Kule, tangu mwaka 1987 mpaka mwaka 2006, palikuwa na vita vya kundi la Joseph Kony, na watoto kwa maelfu walitekwa. Mtoto mmoja, Francis Okello Oloya, alikuwa na umri wa miaka 12 alipokuwa akilima shambani, jembe likagonga bomu lililozikwa ardhini, likalipuka. Aliishi, lakini macho yalipotea. Alipelekwa shule ya bweni, na usiku ilikuwa taabu kwake kwenda chooni, kwa kuwa hakupenda kuwaamsha wenzake kila mara. Pale shuleni walikuwako mbwa. Akafanya urafiki nao, wakawa wakimsindikiza gizani kwenda na kurudi. Hawakutoka Potsdam, wala hapakuwa na mtu aliyewafunza.

Okello alisoma mpaka chuo kikuu, akasomea saikolojia ya jamii. Mwaka 2015 akawa mwanzilishi wa mpango wa mbwa wa faraja mjini Gulu, pamoja na shirika la Big Fix Uganda, ambalo lina hospitali ya wanyama huko. Mbwa wasio na mwenyewe huokotwa, hutibiwa, na huchanjwa kichaa cha mbwa kabla ya jambo lingine lolote. Kisha kila mmoja hukabidhiwa mtu aliyeumizwa na vita: aliyetekwa angali mtoto, aliyepoteza jamaa zake, asiyepata usingizi. Mtu na mbwa wake huhudhuria mafunzo pamoja kwa miezi, na mtu huahidi kumlisha na kumtunza maisha yake yote. Mbwa hao si waongozaji wa vipofu; mzigo wanaousaidia kubeba hauonekani kwa macho. Lakini kijijini, ambako zamani mbwa alirushiwa jiwe apitapo, sasa majirani huona mtu akimwosha mbwa wake, akimwita kwa jina, akienda naye sokoni.

Mwacholi wa Gulu humwita mnyama huyo gwok, na Mjaluo wa Kondele humwita guok.